Mpwa Wangu Ataka Mkopo

Nyanje, umekuja na shati lililopigwa pasi
na karatasi yenye hesabu za kuchapwa:
robo eka, miezi minne, laki moja na ushei.
Neno *faida* umelipigia mstari mwekundu.
Kaa. Kunywa chai kwanza.

Nami nina daftari, la Mwanamvua la darasa la tano.
Kurasa za mbele ni insha zake,
za nyuma ni zangu.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
yangu ina habari zote, na bado imepotea.

Soma. Mbegu, mia sita na hamsini.
Samadi ya mbuzi wa Mzee Tsuma, magunia kumi na manne,
elfu mbili na mia moja,
na mawe ya ndani aliniuzia kwa bei ya samadi.
Vijana wawili wa jembe, siku mbili: elfu mbili.
Dawa ya vidukari, mia nne na hamsini.
Kabla yake nilichemsha mwarobaini;
vidukari wakaoga, wakarudi.

Hapa kwenye karatasi yako pameandikwa: *maji, kisima.*
Aliyekuandikia hajaonja kisima cha Mwakirunge mwezi wa pili,
chumvi ya hori inapopanda chini kwa chini
na majani kuungua kingo
kana kwamba mtu kayapitisha juu ya kibatari.
Nikanunua mitungi ya mkokoteni,
thelathini kwa siku, kumi kumi, siku ishirini.
Elfu sita!
Mboga zikinywa, mimi naoga nusu ndoo.

Tuktuk hadi Kongowea, safari kumi na mbili,
elfu tatu na mia sita.
Ushuru wa soko, mia sita.
Jumla elfu kumi na tano na mia nne.
Nimejumlisha mara mbili kwa kalamu, ya tatu kwa vidole.

Sasa mauzo.
Sokoni ukifika saa kumi alfajiri, unataja bei;
ukifika saa kumi na mbili, unatajiwa.
Mavuno manne ya kwanza, mafungu mia na hamsini, kumi kumi.
Matano yaliyofuata, mia mbili mbili.
Hapo nilinunua leso.

Kisha mvua ikashuka, ile ile niliyoiombea.
Kila ua kuanzia Mtopanga ukaota mboga,
malori ya Taita nayo yakaja yamefurika,
fungu likawa shilingi tano
na mnunuzi analipindua kama anakagua hati ya shamba.
Mara tatu za mwisho, elfu moja moja.
Yote pamoja, elfu kumi na tisa.

Toa.
Elfu tatu na mia sita.
Iangalie tena hiyo namba. Umeshaiona wapi?
Ndiyo nauli ya tuktuk.
Mimi na Chengo tumegawana spinachi sawasawa,
yeye amekaa, mimi nimeinama.

Igawe kwa siku mia na ishirini:
shilingi thelathini, mahamri matatu.
Na mgongo sijauandika.
Wala majani yenye matundu tuliyoyapika kwa tui,
wala mafungu ya Bi Riziki, aliyeambiwa kliniki damu yake chache;
hajalipa, sijamdai.
Hayo niyaweke safu ipi?

Waniuliza mbona basi nimepanda tena.
Kipande hiki ni cha mama.
Kikikaa miezi mitatu bila kijani
nitaamka nikute mtu kamwaga kokoto
na fundi anapima msingi.
Spinachi ni ua wangu, Nyanje,
ua unaojilipia, kidogo.

Mkopo sina.
Mbegu zimebaki nusu pakiti, chukua.
Njoo Jumamosi, na hilo shati uliache nyumbani.
Maji, lete yako.